Filomena na Paka wa Dada Yake

Filomena Bernardo alirudi kwenye nyumba ya baba yake Old Korogwe na kitanda kilichofungwa kamba, masanduku ya nguo, na kinu alichopewa na mama yake siku ya harusi. Alikuwa anatoka Magoma, alikoishi na mumewe tangu usichana. Mume alianguka shambani wakati wa kupalilia mahindi, akafa kabla hajafikishwa zahanati. Baada ya arobaini ndugu wa mume walikaa kikao wakamweleza Filomena kwamba lile shamba ni la ukoo, na kwa kuwa Mungu hakumjalia mtoto, hakuwa na wa kumshikia shamba hilo. Walimweleza kwa adabu kabisa. Mmoja wao hata alimtafutia gari la kubebea vitu.

Nyumba ya Old Korogwe aliijenga baba yao, mzee Bernardo, Mmakua aliyekuja kutoka kusini kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Alimwoa Mshambaa wa Lutindi, wakazaa mabinti wawili, wakafa, wakawaachia nyumba wote wawili. Agripina, mkubwa, ndiye aliyekuwa akiishi humo. Naye alikuwa mjane, lakini yeye alikuwa na mtoto, Gerald, mwalimu huko Tanga mjini, aliyempigia simu kila Jumapili baada ya misa. Kwa hiyo mtaani Agripina aliitwa mama Gerald. Filomena aliitwa Filomena tu, au da Filo kwa wale waliotaka kumheshimu kidogo.

Kurudi kwake kulimfaa kila mtu. Agripina alikuwa na maumivu ya nyonga, anatembea kwa fimbo, na kuinama kwake kulikuwa mateso. Filomena akachukua kazi zote bila kuombwa. Aliteka maji, alifua, alifagia uwanja, na zaidi ya yote alipika, maana kupika ndiko alikojaliwa. Kisamvu chake kilikuwa kinatwangwa mpaka kinakuwa laini kama uji, halafu kinakaa jikoni na nazi kwa muda mrefu. Jirani yao Mwatumu, ambaye ukuta wake ulikuwa unatazamana na jiko lao, alikuwa akisikia harufu anakuja na sahani yake mwenyewe. Wale akina dada walikula pamoja, kutoka chungu kimoja, na jioni walikaa barazani wakizungumza Kishambaa cha mama yao, ambacho Filomena alikisema vizuri kuliko dada yake. Waliishi hivyo kwa miaka, na Filomena alishaanza kuamini kwamba hapo ndipo atakapozikwa.

Halafu kulikuwa na paka. Aliingia ndani siku ya mvua, kitoto cha kushikika kwa kiganja, mgongo mweusi na kifua cheupe kama mtu aliyevaa koti, na Agripina akamwita Koti. Nyumba nyingi za pale zina paka kwa ajili ya panya, na hakuna anayejali paka wake amelala wapi. Kwa Agripina haikuwa hivyo. Gerald alikuwa mbali, wajukuu aliwaona Krismasi, na huyu mnyama alilala mapajani mwake akikoroma juu ya nyonga ile mbovu. Asubuhi akina mama wa Kimasai walipopita na madumu yao ya maziwa kutoka upande wa Handeni, Agripina alinunua, na bakuli la kwanza lilikuwa la Koti. Yeye mwenyewe alikunywa chai baadaye. Filomena alipotia maziwa kwenye chai yake, aliangalia kwanza kama paka ameshapewa.

Koti alipokuwa mdogo hakusumbua. Alipokua paka mzima ndipo alipoanza kutapika. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, na watu wakasema amekula mjusi, au manyoya yake mwenyewe. Baadaye ikawa jambo la kila wakati. Alikuwa anasimama katikati ya chumba, anainamisha kichwa, mbavu zinaingia na kutoka, na ile sauti ya kujikamua inatoka kooni kabla ya matapishi yenyewe. Alitapika kwenye mkeka, na kwenye kanga ambayo Agripina alikuwa ameikunja kwa ajili ya Jumapili. Mara moja alitapika mbele ya katekista aliyekuja kusali nao, kwenye kiatu chake.

Aliyesafisha ni Filomena. Alichota majivu jikoni, akamwagia, akakwangua, akadeki kwa sabuni ya unga, na harufu ikabaki mikononi mwake hata alipokanda unga. Agripina hakuweza kuinama. Alikaa kitini akimbembeleza paka kwa maneno ambayo Filomena hakuwahi kuyasikia yakielekezwa kwa binadamu. Siku moja Filomena alikuwa amemaliza kufua mashuka, ameyatandika, na Koti akapanda kitandani akayachafua yote. Filomena aliyatoa nje kwa hasira na kumkuta Mwatumu ukutani kwake. Akamwambia kwamba siku moja atamwekea huyu paka dawa ya panya, watu wapumzike. Alilisema kama mtu anavyosema mambo akiwa amechoka. Mwatumu akacheka, naye akacheka, akarudisha mashuka kwenye beseni.

Wakati wa masika Koti alipotea kutwa nzima. Aliporudi alitapika povu, halafu maji ya njano, akajificha chini ya kabati na kukataa kutoka. Agripina alilia. Mwatumu alikuja kumfariji, na katika kumfariji, bila nia mbaya, alikumbuka lile neno la dawa ya panya, akalitoa kama kichekesho. Agripina hakucheka. Aliuliza lilisemwa lini, na Filomena alikuwa na uso gani alipolisema. Mwatumu alianza kujieleza kwamba yalikuwa maneno ya uchovu tu, lakini kadiri alivyojieleza ndivyo lilivyozidi kuwa zito.

Filomena hakujua lolote. Alichokiona ni kwamba dada yake amepoteza hamu ya kula. Siku ya kwanza Agripina alisema tumbo limejaa, siku ya pili akasema anafunga, ingawa Kwaresima ilikuwa imeshapita. Baadaye akawa anamwagiza Mwatumu chapati, na akaweka jiko dogo la mkaa chumbani kwake ambalo alichemshia mayai. Filomena alidhani ni ugonjwa, akazidi kupika vitu laini: uji wa mchele, mlenda, maini yaliyokatwa vipande vidogo vidogo. Halafu asubuhi moja alikwenda kulisha kuku akakuta maini yale yametupwa nyuma ya choo, na kuku wanagombania. Alisimama akawatazama kuku wakila.

Alimkuta Agripina barazani, paka mapajani.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Chakula changu nimekikuta kwa kuku."

Agripina aliendelea kumpapasa paka mgongoni. "Koti anakula unachopika wewe," alisema. "Na ninaona kinachompata."

Filomena alikaa chini kwenye kizingiti. Alimweleza dada yake kwamba yeye mwenyewe anakula chungu hichohicho, na Mwatumu anakula, na wote wazima. Agripina akajibu kwamba mpishi anajua sahani ipi ni ipi. Hakupaza sauti. Alilisema hilo kama mtu aliyelifikiria kwa muda mrefu na kulizoea.

Mwanamke mwenye watoto akisingiziwa, watoto wanamsimamia. Filomena alilijua hilo tangu Magoma. Huko nako, baada ya mumewe kuanguka, kulikuwa na mashemeji walionong'ona kuhusu kile alichokunywa marehemu asubuhi ile. Hakuwahi kumwambia dada yake juu ya minong'ono hiyo. Sasa alishukuru kwamba hakumwambia, halafu akaona aibu kwa kushukuru.

Aliamua kufanya kitu ambacho mtaani hakijawahi kufanywa. Alimtia Koti kwenye tenga la kubebea kuku, akafunika kwa kanga, akapanda bodaboda mpaka mjini kwa bwana mifugo, aliyeitwa Dunstan. Paka alilia njia nzima. Watu waliokuwa wamesimama na mbuzi wao nje ya ofisi walimcheka, wakamuuliza kama paka huyo naye anatafutiwa chanjo ya kideri kama kuku. Alishikilia tenga mpaka zamu yake ikafika.

Dunstan hakucheka. Alimfungua paka mdomo, akatazama ufizi, akambonyeza tumbo taratibu, akauliza anakula nini. Filomena akamtajia: ugali kidogo, dagaa, mabaki ya nyama. Na maziwa asubuhi.

"Maziwa kila siku?"

"Kila siku yakipatikana. Dada yangu hawezi kumnyima."

Dunstan alimweleza kwamba paka wengi wakishakuwa wakubwa, matumbo yao hayasagi maziwa ya ng'ombe. Wengine wanaharisha, wengine wanatapika, na wengine hawapati neno, ndiyo maana watu hawaamini. Alimpa kidonge cha minyoo, akasema amnyime maziwa kabisa, ampe maji safi na chakula kidogo kidogo, kisha aone. Filomena alipomuuliza kuhusu sumu, akasema kwamba kama angekuwa amekula sumu ya panya kwa muda wote huo asingefika pale akiwa anamkwaruza mtu mkono namna ile.

Filomena alirudi Old Korogwe akiwa na furaha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alirudi na furaha. Alidhani ameleta dawa ya paka na ya nyumba nzima. Alieleza kila kitu pale barazani, neno kwa neno, huku Koti akitoka kwenye tenga na kukimbilia chini ya kiti.

Agripina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani aliyemtuma kumchukua paka wake bila kuaga. Filomena alipojaribu kurudi kwenye habari ya maziwa, dada yake akamkatiza.

"Kwa hiyo anayemuua Koti ni mimi."

"Sikusema anauawa, dada. Nimesema maziwa hayapatani naye."

"Nimemlea kwa maziwa tangu anatosha kiganjani. Wewe umekuja na tenga na daktari, unaniambia mimi ndiye sumu."

Jumamosi iliyofuata Gerald alikuja kutoka Tanga. Alikuja na mkate na sukari, akamwamkia mama yake mdogo vizuri, akakaa naye jikoni kwenye kigoda, magoti yakigusa kidevu. Alizunguka sana kabla ya kufika. Alisema mama yake amezeeka, na mzee akishashika jambo haliachi. Alisema yeye binafsi haamini chochote kibaya. Kisha akasema ingekuwa vyema kama mama mdogo angepumzika mahali pengine kwa muda, hali itulie.

"Gerald," Filomena alisema, "mama yako alipougua akalazwa hospitali, wewe hukuwa hata na meno. Nilikupikia mimi. Uliwahi kuumwa tumbo kwa chakula changu?"

Gerald alitazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. "Siyo hivyo, mama mdogo. Tumpe tu mama amani."

Hakupungukiwa na adabu. Alijitolea hata kumtafutia usafiri.

Filomena alikwenda Handeni, kwa Rhoda, binti wa mjomba wao wa Lutindi, aliyekuwa msimamizi wa jiko katika shule moja ya bweni. Rhoda hakumuuliza maswali. Alimpa godoro, na Jumatatu akampa mwiko. Vitu vyake vikubwa, kitanda na kinu, vilibaki Old Korogwe, kwa kuwa ilisemwa ni kwa muda.

Kiangazi kiliwahi mwaka ule. Majani yalikauka mapema, na Wamasai wakahamisha ng'ombe wao kutafuta maji na malisho. Wale akina mama wa madumu wakaacha kupita. Ilitokea katika wiki ileile aliyoondoka Filomena. Koti akawa hapewi maziwa kwa sababu maziwa hayakuwepo, na akaacha kutapika. Akanenepa. Manyoya yakapata mng'ao. Mtaa wa Old Korogwe ukaona mambo mawili, Filomena ameondoka na paka amepona, na hakuna aliyekumbuka kuhesabu jambo la tatu. Kwenye sala ya jumuiya Agripina aliomba nafasi ya kushukuru. Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja.

Filomena alizipata habari hizo kutoka kwa Gerald, aliyempigia kumjulia hali na kusema, kama kumfurahisha, kwamba paka amepona kabisa. Filomena alimuuliza kama bado ananyweshwa maziwa. Gerald akafikiri kidogo, akasema hapana, maziwa hayapatikani siku hizi, ng'ombe wamekwenda mbali.

"Umesikia ulichosema?" Filomena alimuuliza.

Gerald alikuwa mwalimu, na Filomena alijua kwamba amesikia. Lakini akasema, "Mama mdogo, hayo tuyaache." Akamtakia usiku mwema ingawa ilikuwa mchana.

Vuli ilipoanza majani yakaota, ng'ombe wakarudi, akina mama wakapita na madumu yao. Agripina akanunua maziwa ya kwanza kwa furaha, na haikupita muda Koti akarudia kutapika. Safari hii mtu aliyelaumiwa hakuwepo, kwa hiyo ikabidi iwe ameacha kitu. Ikasemwa kimefukiwa jikoni, pale alipokuwa akikaa. Walichimba sakafu ya jiko, ile sakafu ya udongo aliyoishindilia mzee Bernardo kwa miguu yake. Wakapata mfupa wa kuku, kigae cha chungu, na kitambaa kilichooza chenye msumari ndani, vitu ambavyo sakafu yoyote ya udongo ikichimbwa itavitoa. Vikachomwa moto uwanjani, watu wakitazama.

Aliyemletea Filomena habari hizo ni Mwatumu mwenyewe. Alikuja Handeni mnadani kutafuta mbuzi, akaulizia mpaka akamfikia. Alikaa kwenye benchi nje ya jiko la shule akasimulia huku akivuta vuta ncha ya mtandio. Alimwomba Filomena msamaha kwa lile neno la dawa ya panya. Filomena alimuuliza kama ameshamwambia mama Gerald hayo anayoyasema hapa. Mwatumu akasema alijaribu mara moja, Agripina akamuuliza kama naye alikuwa akila pamoja nao kwa sababu maalumu, na tangu hapo akaogopa. Filomena akamsamehe, kwa sababu mwanamke alikuwa analia na wali ulikuwa unaungua. Lakini hakumwambia apite tena.

Siku ya Jumamosi alikwenda Old Korogwe na gari la mizigo kuchukua vitu vyake.

Agripina alikuwa barazani. Alikuwa amepungua. Filomena akamwamkia, "Shikamoo, dada," naye akaitika marahaba na kuuliza kama amekuja kuchukua vitu. Akasema ndiyo, amekuja kuchukua vitu. Dereva akaingia chumbani kufungua kitanda. Miguuni pa Agripina kulikuwa na bakuli, na Koti alikuwa analamba, masikio yamelala nyuma, kidevu kimelowa maziwa.

Filomena alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba hatasema kitu. Alimtazama paka, akatazama mikono ya dada yake, vifundo vimevimba, na majivu kwenye kucha. Akaelewa kwamba sasa anadeki mwenyewe, na nyonga ile.

"Dada, usimpe maziwa."

"Paka wangu nampa ninachotaka."

Haikuchukua muda. Koti aliliacha bakuli, akasimama katikati ya baraza, akainamisha kichwa, mbavu zikaanza kuingia na kutoka. Agripina hakumtazama paka. Alimtazama Filomena, mdogo wake wa tumbo moja, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hatimaye ameletewa ushahidi mpaka mlangoni.

Filomena, kwa mazoea tu, aliingia jikoni. Katikati ya sakafu palikuwa na udongo mpya, mwekundu, haujashikana. Alipita pembeni yake, akachota majivu kwa kiganja, akatoka nayo barazani na kuinama juu ya matapishi.

"Usiguse," Agripina alisema. "Acha. Nitaita mtu."

Filomena alibaki ameinama na majivu mkononi. Kisha akayamwaga uwanjani, akajipangusa kwenye kanga, akamsaidia dereva kupakia kinu.

Hawakuonana tena. Koti aliishi mpaka baada ya mwaka mpya, akazidi kukonda, halafu akaondoka nyumbani kama paka wanavyoondoka, na Agripina akasema ameuawa. Gerald akamchukua mama yake akakae naye Tanga. Nyumba ya mzee Bernardo ikafungwa kufuli, na ufunguo haukupelekwa Handeni. Filomena alijua hayo yote baada ya kutokea. Agripina alipofariki alipata habari kwa ujumbe mfupi wa simu, mazishi yakiwa yameshafanyika. Gerald aliandika kwamba mambo yalikwenda haraka.

Filomena bado anapika kwenye shule ile. Wanafunzi wanamwita bibi, na siku ya makande wanapanga foleni kabla ya kengele. Lakini mwanafunzi mmoja akishika tumbo darasani, hata kama ni malaria, Filomena hukaa chini jikoni, akikumbuka kila alichotia chunguni. Na kabla sahani ya kwanza haijatoka, yeye hujipakulia chakula kutoka kwenye sufuria ileile, akaenda kusimama mlangoni pa bwalo mahali ambapo wote wanamwona, akala, taratibu, mpaka akamaliza. Rhoda alimwambia kwamba hakuna mtu hapo anayemshuku. Filomena alimjibu kwamba anajua. Kesho yake akasimama tena palepale na sahani yake.